Mchana najinyima, usiku nabugia: nianzie wapi?

SWALI

Daktari, shikamoo. Nina miaka 33, mama wa mtoto mmoja, mhasibu kwenye kampuni ya usafirishaji, naishi Mbagala. Tangu mama yangu afariki mwaka jana sijawa sawa. Kazini naenda na nacheka na watu, ila nikifika nyumbani sina nguvu hata ya kuoga. Mtoto akishalala, na mume wangu akiwa zamu ya usiku, naanza kula: wali uliobaki, mkate mzima, maandazi niliyonunua kwa ajili ya asubuhi. Nakula nimesimama jikoni, taa nimezima, mpaka tumbo linauma. Kisha nalia. Asubuhi najichukia, sinywi chai, mchana sili, nakunywa tu ile chai ya kupunguza tumbo niliyouziwa mtandaoni. Jioni njaa inanizidi, napitia chipsi. Nimeongezeka kilo 14. Watu wananisifu nimependeza, mama mkwe anasema mwanawe ananitunza. Nimejaribu kufunga saa 16 na kuacha wanga, naishia kula zaidi. Sijitapishi wala situmii dawa za kuharisha. Kuna usiku natamani nisiamke. Je, huu ni uroho au ugonjwa? Na nianze na uzito au na huzuni?

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kufiwa na mama.

Nitaanza na sentensi uliyoipitia haraka, kwamba kuna usiku unatamani usiamke. Leo usilale nayo peke yako. Mwambie mtu mmoja kwa maneno yaleyale uliyoniandikia mimi: mumeo, ndugu yako, rafiki unayemwamini, au kiongozi wa dini ambaye husikiliza kabla ya kuhukumu. Kama matamanio hayo yamefika mahali pa kufikiria namna ya kufanya, au umeanza kuweka akiba ya vidonge, nenda hospitali idara ya dharura usiku huohuo, na usiende peke yako. Hata kama hujafika huko, mwombe mtu akutunzie dawa na sumu za panya au wadudu zilizomo nyumbani. Na wewe msomaji mwenye ndugu aliye katika hali hii, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizi wazo hilo. Mara nyingi anapata nafuu, maana amekuwa nalo moyoni akiogopa kulitamka.

Sasa nijibu ulichouliza. Kutokana na maelezo yako, naona magonjwa mawili yanayolishana, na uroho haumo. Kulithibitisha hilo kunahitaji mtu akuone ana kwa ana, lakini dalili ulizozitaja ziko wazi kiasi kwamba sitaki usubiri ndipo uanze kujisaidia.

Kwanza ni sonona. Watu wetu wakisikia sonona wanawaza mtu aliyekonda, asiyekula, anayekesha macho. Wapo wengi wa namna hiyo. Lakini wapo pia ambao sonona huwazidishia hamu ya kula na usingizi, na kuwafanya wahisi mikono na miguu mizito hata kunyanyuka ni kazi. Hii ni sura ya ugonjwa inayojulikana kitambo. Kliniki nyingi hutumia dodoso la maswali 9 liitwalo PHQ-9, ambalo lipo pia kwa Kiswahili, na swali lake la 5 linauliza yote mawili kwa pamoja: kukosa hamu ya kula, au kula kupita kiasi. Kwa hiyo kunenepa hakukuondoi kwenye orodha ya wagonjwa wa sonona.

Pili ni kubugia chakula bila kuweza kujizuia. Daktari wa Marekani, Albert Stunkard, aliandika habari zake mwaka 1959. Mwaka 2013 hali hii iliwekwa kwenye DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, kama ugonjwa unaojitegemea, na Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika 2022. Kinachotazamwa ni hiki: kwa muda mfupi, tuseme saa mbili, mtu anakula kingi kuliko ambavyo wengine wangekula katika hali hiyo, na anahisi ameshindwa kujizuia. Anakula haraka, anapitiliza shibe mpaka anaumia, anakula kwa kificho, kisha anajichukia. Kwa kipimo cha DSM-5 hali hiyo inapojirudia angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, inahesabika kuwa ugonjwa. Ukila sahani tatu za pilau kwenye harusi huku unafurahi na wenzako, huko ni kushiba kupita kiasi tu.

Umesema hutumii dawa za kuharisha. Hebu soma pakiti ya ile chai yako. Chai nyingi za kupunguza tumbo zina sanamaki, na sanamaki ni dawa ya kuharisha. Unachopoteza chooni ni maji na chumvi za mwili, mafuta yanabaki palepale. Potasiamu, mojawapo ya chumvi hizo, ikishuka sana mapigo ya moyo yanavurugika, na utumbo ukishazoea dawa hizo unaweza kuwa mvivu. Kama kwenye pakiti hakuna orodha ya vilivyomo, hiyo ni sababu nyingine ya kuitupa. Naomba uitupe leo. Ukienda hospitali mtajie daktari kwamba umekuwa ukiitumia na kwa muda gani.

Tuitazame siku yako saa kwa saa, kwa maana jibu la wapi pa kuanzia limo humo. Saa moja asubuhi unatoka bila chai kwa sababu ya aibu ya jana. Saa saba wenzako wanaenda kwa mama ntilie, wewe unabaki ofisini na kikombe cha majani. Hesabu za saa tisa hazikai kichwani, unakuwa mkali kwa watu, nao hawajui kwa nini. Saa kumi na mbili uko kwenye mwendokasi au daladala, umesimama, hujala kitu tangu saa nne za usiku uliopita. Hiyo ni saa 20 tumbo tupu. Unashuka, harufu ya chipsi inakupokea kituoni, unakula hizo njiani upesiupesi. Nyumbani unampikia mtoto, unamlisha, unamlaza. Saa nne nyumba imetulia, na huzuni uliyoikimbia mchana kutwa kwa kufanya kazi inakuja kukaa na wewe. Hapo ndipo sufuria inafunguliwa.

Wewe unahesabu kosa lako kuanzia saa nne usiku. Mimi nalihesabu kuanzia saa moja asubuhi.

Nikueleze kwa nini. Kati ya 1944 na 1945, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachukua wanaume 36 wenye afya njema ya mwili na akili, waliojitolea wenyewe. Kwa miezi sita walipewa takriban nusu ya chakula walichozoea, mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Hawakufiwa na mtu, wala hawakuwa na historia ya sonona. Lakini wengi wao walianza kuwa na huzuni, hasira za karibu, kujitenga, na akili yao ikawa inawaza chakula tu. Baadhi walikusanya vitabu vya mapishi. Na walipoachiwa kula watakavyo, baadhi yao walikula milo mikubwa mno, tumbo likajaa mpaka likauma, huku wenyewe wakisema bado wana njaa. Hali hiyo haikwisha kwa siku mbili tatu.

Hao walikuwa wanaume waliochaguliwa kwa uimara wao. Mwili ulionyimwa chakula humsukuma mtu kubugia, na njaa yenyewe huzaa huzuni. Wewe una sonona tayari, halafu kila siku unaiongezea njaa. Kisha usiku unajilaumu kwa kukosa nidhamu. Chakula chenye wanga na mafuta kinakupa nafuu ya kweli kwa dakika chache, ubongo unaikumbuka nafuu hiyo, na ukiwa na njaa kali inakuwa tamu maradufu. Halafu unalala tumbo limejaa, usingizi unakuwa wa kukatikakatika. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwaruhusu vijana 12 wenye afya kulala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, kwa siku mbili. Homoni ya njaa ilipanda, ya shibe ikashuka, na hamu yao ya vyakula vitamu na vya wanga ikaongezeka. Kwa hiyo unaamka na deni la usingizi linalokudai chakula, na unalijibu kwa kujinyima chai.

Ndiyo maana nakwambia: acha kupunguza uzito kwa sasa. Najua ni neno gumu kwa mtu aliyeongezeka kilo 14, na najua shinikizo la damu na kisukari si mambo ya kupuuza. Lakini kila mpango wa kujinyima utakaouanza sasa utaishia kwenye sufuria saa nne usiku, kama ulivyoishia ule wa saa 16 na ule wa kuacha wanga. Mipango hiyo huenda ikamfaa mwingine. Kwa mtu anayebugia ni kumwaga petroli kwenye moto. Mizani nayo iondoe chumbani, au ipande mara moja kwa wiki, siku ileile.

Kazi ya wiki mbili za kwanza ni moja: kula mchana. Milo mitatu na kitu kidogo katikati mara mbili, pasipite zaidi ya saa nne bila kula, usikie njaa usisikie. Saa moja asubuhi, kabla ya kutoka, uji wa ulezi wenye maziwa, au chai na yai na kiazi kitamu. Saa nne ndizi au karanga mkononi. Saa saba nenda na wenzako kwa mama ntilie ule wali maharage au ugali dagaa na mchicha, sahani kamili, ukiwa umekaa. Saa kumi na nusu, kabla hujatoka ofisini, kula tena: parachichi, mtindi, au vitumbua viwili. Huo wa saa kumi na nusu ndio nauthamini kuliko yote, maana unakufikisha kituoni ukiwa na uwezo wa kuipita meza ya chipsi au kununua sahani moja ukaile umekaa. Saa mbili kula na mtoto, chakula kimoja, meza moja au mkeka mmoja. Wanga usiuondoe.

Siku za mwanzo utaogopa. Utahisi unakula sana na kwamba utafura. Na pengine utabugia usiku mmoja au zaidi hata baada ya kula vizuri mchana, kwa kuwa mwili haujaamini bado kwamba njaa imekwisha. Ikitokea hivyo, cha kufanya asubuhi yake ni kunywa chai kama kawaida. Ukiniuliza ni kitendo gani kimoja kina uzito kuliko vyote katika barua hii, ni kile kifungua kinywa cha asubuhi baada ya kubugia. Hapo ndipo mzunguko unakatika.

Weka daftari dogo. Andika saa, ulichokula, ulikuwa wapi, uko na nani, na ulihisi nini dakika chache kabla. Usihesabu kalori. Andika muda uleule, sio usiku kwa kukumbuka. Baada ya wiki mbili soma mistari iliyotangulia kila siku ya kubugia. Watu huona mambo ambayo hawakuyajua: kwamba ni Jumapili zaidi, kwamba ni baada ya simu ya ndugu fulani, kwamba ni tarehe aliyofariki marehemu. Hii ni sehemu ya tiba ya kubadili fikra na mienendo, ambayo Christopher Fairburn wa Oxford na wenzake waliitengeneza kwa ajili ya magonjwa ya ulaji, na ni kati ya tiba zenye ushahidi mzuri zaidi kwa hali yako.

Kuhusu saa nne yenyewe, badilisha mazingira. Chakula kilichobaki kigawe kwenye vyombo vidogo kabla hujalaza mtoto. Maandazi ya asubuhi yanunue asubuhi. Ukihisi msukumo, washa taa. Sisemi hivyo kukuaibisha. Gizani mtu anakula bila kujiona, na aibu inanenepa humo. Pakua kwenye sahani, kaa, ule ukiwa umewasha taa, hata kama ni kingi. Na kabla ya kupakua jipe robo saa: toka barazani, piga simu, oga, kaa na picha ya mama ukalie kilio chako. Msukumo huwa unapanda, unafika kilele, kisha unashuka wenyewe. Nafikiri sehemu ya unachokimeza usiku ni kilio ambacho hakikupata nafasi. Watu walikaa matanga nawe, arobaini ikapita, kila mtu akarudi kwake, na wewe ukarudi kazini kucheka. Miezi minane baadaye hakuna anayekuuliza tena.

Sonona yenyewe nayo inahitaji tiba, haitaondoka kwa uji wa ulezi peke yake. Kinachosaidia mapema ni kupanga vitendo vidogo kwa saa, bila kungoja moyo uchangamke. Jumamosi saa tatu nikoge, nivae, nitoke. Jumanne nihudhurie kikoba. Jumapili niende kwenye kwaya, au darsa, au kwa shangazi. Moyo hufuata baadaye, mara nyingi kwa kuchelewa. Zimbabwe, Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, wakawasikiliza na kuwasaidia kuchagua tatizo moja na hatua moja ya kulitatua. Utafiti uliofanywa Harare na kuchapishwa 2016, wenye watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na akina bibi hao walikuwa na sonona kidogo sana kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika Zanzibar pia. Nakutajia hili ujue kwamba kuzungumza kwa mpangilio ni tiba, na mtu aliyefunzwa vizuri anaweza kuitoa hata kama hana shahada ya udaktari.

Dawa zipo. Fluoxetine, kwa kawaida miligramu 20 kwa siku kuanzia, haina tabia ya kuongeza hamu ya kula kama baadhi ya dawa za zamani. Huchukua wiki mbili hadi nne au zaidi kuanza kuonyesha nafuu, na haiachwi ghafla. Amitriptyline, ambayo watu hupewa sana kwa usingizi na maumivu, huongeza hamu ya kula na uzito kwa wengi. Kama umewahi kupewa, usiikatishe mwenyewe, ila mweleze daktari tatizo lako ajue. Mweleze pia kama umewahi kuwa na kipindi cha siku kadhaa ambapo ulikuwa na nguvu kupita kawaida, hulali na huchoki, unaongea na kutumia fedha ovyo. Hilo hubadilisha kabisa uchaguzi wa dawa.

Vipimo navyo viombwe: sukari, shinikizo la damu, wingi wa damu, tezi ya shingo, na ujauzito. Tezi ikifanya kazi chini ya kiwango mtu huchoka, huhuzunika na kunenepa. Kama unachoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, itaje, kwani baadhi ya wanawake huongezeka uzito nayo, na njia nyingine zipo. Ramadhani au Kwaresma ikikukuta bado uko kwenye matibabu, zungumza na daktari na kiongozi wako wa dini kabla hujafunga. Mgonjwa ana nafasi yake katika dini zote mbili.

Halafu kuna midomo ya watu. Kwetu mtu akinenepa tunamsifu, na sifa hizo zimekufungia mlango, kwa kuwa ukisema unaumwa nani atakuamini huku mama mkwe anashukuru? Huna haja ya kubishana nao. "Ahsante mama, ila sijisikii vizuri siku hizi, niombee" inatosha kwa mkwe. Mumeo anastahili zaidi ya hapo. Siku atakapokuwa hayuko zamu, mwambie yote, mpaka la taa kuzimwa. Mpe kazi mahususi: apige simu saa nne na robo akiwa kazini, asitaje uzito wako kabisa, na akusindikize kliniki mara ya kwanza. Ukimwachia tu akuhurumie, hatajua la kufanya, ataishia kukwambia uache kula usiku.

Kwa wewe wa Mbagala, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke iko karibu na ina huduma ya afya ya akili, na Muhimbili wapo madaktari bingwa na wanasaikolojia. Ukifika usiseme umekuja kwa ajili ya uzito, utapewa karatasi ya vyakula vya kuacha na kurudishwa nyumbani. Sema hivi: "Tangu mama afariki nina huzuni na sina nguvu. Karibu kila usiku nakula bila kuweza kujizuia, mchana sili. Nilikuwa nakunywa chai yenye dawa ya kuharisha. Kuna usiku natamani nisiamke." Iandike kwenye karatasi kama unaogopa sauti itakukatikia, umpe mhudumu aisome. Nenda wiki hii, na kesho asubuhi kabla ya kutoka, kunywa chai.